Mashimo meusi ya mwanzo si bei rahisi hivyo

Kila mjadala wa maada ya giza ukianza, hakosekani wa kuuliza: kwa nini tuhangaike na chembe ambazo hakuna aliyewahi kuziona, ilhali mashimo meusi, yenye uvutano ambao hata mwanga hauponyoki, tunajua yapo? Pengine asilimia 85 ya maada ya ulimwengu, ile isiyoonekana bali hujulikana kwa uvutano wake, ni mashimo meusi tu, yaliyozaliwa punde baada ya Mlipuko Mkuu, kabla nyota ya kwanza haijawaka. Hoja hii iliwahi kuniteka. Siku hizi nikiisikia nauliza kwanza, bei yake ni ngapi?

Uzuri wake sikatai. Shimo jeusi la kawaida ni mabaki ya nyota kubwa, na hatujui njia ya nyota kuzaa shimo jepesi kuliko Jua. La mwanzo halina sharti hilo. Mwanafizikia Mwingereza Stephen Hawking alilichambua mwaka 1971, baada ya Wasovieti Yakov Zel'dovich na Igor Novikov kuligusia miaka michache nyuma: ulimwengu mchanga ulikuwa umesongamana mno, na pale ambapo msongamano ulizidi vya kutosha, uvutano ungelishinda kani ya joto na eneo zima likajifunga kuwa shimo jeusi. Uzito ulitegemea saa ya kuzaliwa, maana shimo haliwezi kukusanya vitu kutoka mbali kuliko mwanga ulipokwisha kufika. Lililozaliwa sekunde ya kwanza ilipotimia lingekuwa na uzito wa majua laki moja au mawili. Lililotangulia, kwenye kisehemu cha sekunde chenye sufuri 22 baada ya nukta kabla hujaiona moja, lingekuwa na tani bilioni chache ndani ya nafasi ya kiini cha atomu.

Mashimo madogo namna hii ndiyo yaliyomsogeza Hawking kwenye hesabu yake ya mwaka 1974: shimo jeusi hutoa mnururisho, na kadiri lilivyo dogo ndivyo linavyozidi kuwa la moto, hadi linayeyuka. Lililoanza na tani milioni 500 hivi lingekuwa linamalizikia zama zetu hizi, kwa mlipuko wa miale ya gama. Darubini zimetafuta, hazijapata. (Hata kama hayapo kabisa, kwa mchango huu peke yake yameshatufaa.)

Kwa hiyo madogo sana hayafai, yamekwisha yeyuka. Makubwa nayo yamebanwa. Shimo likipita mbele ya nyota, uvutano wake hupinda mwanga kama lenzi na nyota hung'aa zaidi kwa muda. Mradi wa darubini wa OGLE umezitazama nyota za Mawingu ya Magellan, galaksi ndogo jirani zetu, kwa miaka 20, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2024 yanaonyesha kuwa mashimo yenye uzito wa nyota hayawezi kuwa sehemu kubwa ya maada ya giza ya galaksi yetu. Hilo liliwapoza waliosisimka, wakidhani huenda ni ya mwanzo, baada ya LIGO, mitambo ya kunasa mawimbi ya uvutano, kunasa mgongano wa kwanza wa mashimo meusi mwaka 2015.

Uwanja uliobaki wazi ni wa uzito wa asteroidi, yale mawe yanayolizunguka Jua. Hapo lenzi haisaidii, kwa sababu nzuri kweli: shimo la tani trilioni 100 lina upana wa atomu, na mawimbi ya mwanga ni mapana kuliko hilo maelfu ya mara. Yanalipita kama wimbi la bahari linavyopita kijiti.

Sasa ile bei. Mnururisho wa kale wa anga, yaani mwanga uliosalia tangu ulimwengu mchanga, unaonyesha kwamba tofauti za msongamano katika ulimwengu mchanga zilikuwa kama sehemu 1 kwa 100,000. Ili shimo lizaliwe, tofauti hiyo inatakiwa ifike kama theluthi moja au zaidi. Lazima basi mfumuko wa mwanzo, ule upanukaji wa ghafla unaodhaniwa kuzipanda tofauti hizo, uwe uliziongeza nguvu kwenye maeneo madogo tu, bila kuharibu tunachokiona kwenye mapana makubwa. Na kiasi chenyewe cha nyongeza hiyo ni kigumu ajabu kukilenga: ukikipunguza kidogo hupati hata shimo moja, ukikizidisha kidogo ulimwengu wote unafurika mashimo. Anayesema hahitaji fizikia mpya ameihamisha tu, kutoka kwenye chembe kuipeleka kwenye mfumuko. Hilo halikanushi dhana. Linakanusha urahisi wake.

Ninachokipenda ni kwamba inapimika. Kuna pendekezo la mwaka 2024 la kuichunguza Mirihi: shimo la uzito wa asteroidi likikatiza karibu nayo, lingeiyumbisha njia yake kwa kama mita moja katika miaka michache, na umbali wa Mirihi tunaupima kwa usahihi wa sentimita 10 hivi. Asteroidi halisi nayo ingeweza kuiyumbisha, ila haikimbii kilomita 200 kwa sekunde. Mbio hizo zikionekana, nitalipa bei bila kulalamika.