Wallahi ni Chokoleti

Leo dobi kanirejeshea kanzu kwa mara ya tatu. Kaikunja vizuri, kaitia mfukoni, halafu akanivuta pembeni kama mtu wa kupeana siri ya ugonjwa. "Sheikh, doa hili halitoki. Kwani ulipatwa na nini?" Akacheka. Cheko hilo nalijua, ndilo lile lile la barazani kwetu Mkunazini. Ijumaa iliyopita nimeswali safu ya nyuma kabisa, mgongo ukutani.

Ni chokoleti, jamani. Wallahi chokoleti.

Agosti iliyopita rafiki zangu walioko London walinialika kanivali ya Notting Hill. Habari za viza sizisemi, mnazijua. Mmoja wao, mtu wa Wete huyo, akanambia, "Njoo umevaa, watu kule wanavaa." Mie nikiambiwa watu wanavaa, najua moja tu: kanzu ya Idi, kofia ya kiua, makubadhi, bakora mkononi.

Stesheni ya Ladbroke Grove siku hizo hufungwa, tukateremka mbali, tukaenda kwa miguu. Maduka yote yamepigiliwa mbao madirishani, nikauliza kama kuna uchaguzi. Ngoma zao mapipa ya mafuta, ufundi wa Trinidad, pipa linagongwagongwa mpaka linaimba. Sisi pipa likimaliza mafuta tunawekea maji, na maji yenyewe hayaji.

Kumbe Jumapili asubuhi wana jambo lao, wenyewe wanaliita J'ouvert. Watu hupakana rangi, hurushiana unga, humwagiana chokoleti iliyoyeyushwa. Hilo mtu wa Wete hakulisema. Mie nimesimama katikati yao, mweupe kama yangeyange. Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa watu wanatandikana migomba, lakini angalau anayekupiga unamjua kwao.

Akatokea mama mmoja, bluu kuanzia utosini, ana ndoo. Nikamwinulia bakora kwa heshima, kumaanisha tafadhali mama, mie mgeni. Yeye akaona nacheza. Akanizunguka kwa kiuno, na viganja vyake viwili vikatua pale pale. Nyuma. Chini ya mgongo. Mmenielewa.

Na hapo ndipo chai ya asubuhi ilipoanza kunidai. Mitaa ile wenye nyumba huwafungulia watu vyoo vyao kwa pesa, na foleni ni ya kufa mtu. Nikashika mkia. Kijana aliyekuja nyuma yangu akanitazama. Akatazama tena. Akamgusa wa mbele. Mara foleni yote inapasuka kama bahari ya Nabii Musa, "mpisheni mzee, mpisheni mzee," watu wazima wanajibanza ukutani! Bibi mmoja akanipa bunda la karatasi za kufutia, macho yanamlenga machozi. Nikawaambia ni chokoleti. Wakaitikia kwa vichwa, taratibu, kama anavyoitikiwa mwenye homa ya kuweweseka. Mwenye nyumba akatandika magazeti kutoka mlangoni hadi chooni, nikapita juu yake kama bwana harusi. Kutoka, ananidai pauni kumi. Wenzangu wamelipa tatu! Nikamuuliza kulikoni, akaninyooshea kidole kanzu.

Na yule wa Wete, badala ya kunitetea, anapiga picha. Kaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mtu mzima mie, nimeozesha mabinti wawili, nimekuwa katibu wa kamati ya maji ya mtaa, leo vitoto vinaniamkia "shikamoo" vinatazamana! Nani atanisafisha? Yule mama wa bluu nitampata wapi aje atoe ushahidi?

Dobi anasema kosa ni maji ya kisima, yana chumvi, sabuni haitoi povu. Ya bomba? Tangu Jumanne. Hayo tuyaache, maana kwenye furushi la leo kanitilia na shuka si yangu, ya maua ya waridi, na mke wangu ndiye aliyefungua. Anauliza ya nani. Nimemwambia ya dobi, akaniitikia kwa kichwa, taratibu. Sasa nimeikwapia naipeleka, na njia ya kwa dobi ni hiyo hiyo moja, inapita barazani.