Sikio Likiuma, Panda

Mwaka juzi nilizamia na mtungi wa hewa nje kidogo ya Ghuba ya Mikindani, Mtwara, huku nina mafua. Hayakuwa mafua makali, ni yale tu ya mwanzo wa kusi, pua inaziba usiku na asubuhi inaachia. Mkufunzi aliniuliza kama niko sawa, nikasema niko sawa, kwa sababu mashua imeshakodiwa na wenzangu watatu wameshavaa mapezi. Kwenye mita nne sikio la kushoto likaanza kuuma. Nikabana pua, nikapuliza. La kulia likazibuka, la kushoto likagoma. Nikamwonyesha mkufunzi sikio, naye akanionyesha kidole: chini. Nikapuliza tena kwa nguvu zangu zote. Nikasikia mlio kama ganda la korosho linapasuka ndani ya kichwa, kisha ubaridi, kisha bahari nzima ikaanza kuzunguka. Sikujua juu ni wapi. Nikaikumbatia kamba ya nanga, nikatazama mapovu yanakoelekea, mpaka kizunguzungu kikatulia.

Ngoma ya sikio ilikuwa imechanika. Kwa bahati ilijifunga yenyewe baada ya wiki sita. Lakini neno nililoambiwa nchi kavu bado ninalo. Mzee mmoja pale Shangani, aliyezamia pweza tangu ujana wake, aliniona na pamba sikioni, akanipa mkono kwa furaha: "Hongera mjomba. Likishatoboka halikusumbui tena." Nilipomjibu, akanigeuzia upande wa kushoto apate kunisikia.

Kwa heshima zote kwa mzee wangu, neno hilo nalipinga. Sikio lililotoboka haliumi kwa sababu maji yanapita tu. Yanapita na uchafu wake, na usaha ukianza haukomi kirahisi. Tena maji yaliyo baridi kuliko mwili yakifika karibu na sikio la ndani, kichwa kinazunguka, na kizunguzungu cha chini ya bahari hakina mahali pa kujishikiza. Mimi nilikuwa na kamba na mtungi. Kijana anayezamia kwa pumzi moja na mshale mkononi hana hata kimoja.

Aliyepanda basi kutoka Mtwara kwenda Newala anajua masikio yanavyoziba gari likikwea uwanda wa Makonde, ukameza mate yakazibuka. Katika kukwea kote kule, mabadiliko ya mgandamizo hayafiki yale ya mita moja ya maji. Ukizama mita 10, mgandamizo unakuwa maradufu ya ule wa juu, na hewa iliyo nyuma ya ngoma inataka kusinyaa ibaki nusu. Kwa hiyo mita za kwanza ndizo zenye hatari, zile ambazo watu huzipita mbio.

Hewa ya kufidia huingia kwa mrija mwembamba unaotoka nyuma ya pua hadi sikio la kati. Mdomo wa mrija huo ni laini na una unyevu. Ukichelewa, mgandamizo wa nje unaubana, na hapo kadiri unavyopuliza ndivyo unavyozidi kukaza. Maumivu maana yake umeshachelewa. Panda mita moja, mrija ulegee, ndipo ujaribu tena. Mrija ukigoma, siku imekwisha.

Kubana pua na kupuliza kuna jina la Mwitaliano Valsalva, aliyekueleza mwaka 1704, na ndiyo njia tunayoijua wengi. Ukizidisha nguvu, unaweza kupasua utando wa sikio la ndani, na usikivu unaopotea huko huenda usirudi. Mimi sasa natumia njia ya Frenzel, daktari wa Ujerumani aliyewafundisha marubani wa vita. Unabana pua, unafunga koo kama mtu anayenyanyua gunia, kisha unasukuma hewa kwa nyuma ya ulimi kana kwamba unatamka "ka". Kifua hakishiriki. Naanza juu ya maji kabla sijazama, kisha kila nusu mita, nikitanguliza miguu.

Na miwani ya kuogelea isiyofunika pua isitumike kuzamia hata kidogo. Huwezi kuipulizia hewa, nayo hufyonza macho mpaka yakavilia damu.

Kusini huku tumezungumza sana kuhusu uvuvi wa baruti na matumbawe, na hifadhi ya Ghuba ya Mnazi ipo tangu mwaka 2000. Sikio la mvuvi nalo lizungumzwe, kwenye mikutano hiyo hiyo ya ufukweni. Wakufunzi nao, mgeni akionyesha sikio, kundi zima lipande. Mashua iliyokodiwa hainunui sikio.

Jumapili nilikuwa Msimbati na mpwa wangu wa miaka kumi na miwili, anayetaka kuzamia kama kaka zake. Nilimkalisha mchangani, akabana pua, akasukuma ulimi, macho yamemtoka.

"Mjomba, limelia!"

"Yote mawili?"

Akasikilizia. Akajaribu tena, mara ya tatu, kisha akatikisa kichwa. "La kulia tu."

"Basi mjomba, leo tunaogelea juu juu."

Alinuna mpaka alasiri.