Flashimobu: wanauza nini?

Vijana kama ishirini walikuwa wamejichanganya na wanunuzi kwenye soko la samaki Bagamoyo, kila mmoja na hamsini zake. Mara ngoma ikalia. Wakaweka vikapu chini, wakacheza dakika nne hivi, kisha wakatawanyika kama si wao. Mama muuza pweza akaniuliza, "Wanauza nini?" Nikamwambia hawauzi kitu. Kijana aliyesimama karibu akasema hiyo ni flashimobu, mtindo uliobuniwa Marekani. Mzee mmoja akadakia: "Flashimobu gani? Huo si mdundiko tu!"

Mzee ana hoja. Mdundiko, ngoma ya Wazaramo, hauna jukwaa wala tiketi. Unapita mitaani, anayekutwa anaingia, na watoto wangapi wa pwani hii wameufuata mpaka wakajikuta mtaa wasioujua! Na katika mji wenye chuo cha sanaa tangu 1981, hiki tunachokiita TaSUBa siku hizi, kumwambia mtu kwamba kucheza katikati ya watu kumebuniwa Marekani ni kumchokoza.

Ila mdundiko una mwenyewe. Kuna mwali anayetolewa au kuna harusi, na jirani anajua tangu juzi. Flashimobu ya kwanza haikuwa na mwali, na wala haikuwa na ngoma. Mwaka 2003 jijini New York, Bill Wasik, mhariri katika jarida la Harper's, alituma barua pepe za kuwaita watu bila kujitaja, nao wakazirushiana. Jaribio la kwanza lilikwama kwa sababu polisi walishapata habari. La pili, mwezi Juni, likafana: watu zaidi ya 100 walilizunguka zulia moja la bei mbaya katika duka la Macy's, wakamwambia muuzaji kuwa wote wanaishi pamoja kwenye ghala na wanatafuta zulia la kutumia kwa pamoja. Dakika hazikufika kumi, hao wakaondoka. Bango hakuna, dai hakuna. Mwaka 2006 Wasik alijitaja, na kwa maelezo yake ulikuwa mzaha wa kuwapima wajanja wa mjini: watafuata mkumbo hadi wapi?

Kwa hiyo kiini cha flashimobu ni ule mwito wa siri na kutawanyika ghafla. Kucheza kulikuja baadaye. Kwa kipimo hicho mzee amekosea, lakini na sisi tunaoziita flashimobu zile ngoma za wasimamizi wa harusi, zilizofanyiwa mazoezi mwezi mzima ukumbini, tumekosea zaidi yake.

Jina lenyewe, flash mob kwa Kiingereza, halikutoka kwa Wasik. Lilienea mtandaoni mwaka huohuo wa 2003 kupitia mwanablogu Sean Savage. Nusu yake ya kwanza, flash, ni mmweko. Nusu ya pili, mob, ni kifupi cha maneno ya Kilatini mobile vulgus, yaani watu wa chini wasiotulia, wanaogeuka kama upepo. Ni neno la dharau. Anayetaka tuseme "umati wa ghafla" anapata maana, lakini dharau hiyo inampotea. Na pengine heri ipotee, maana kwetu umati unaozuka ghafla mtaani unakumbusha "wananchi wenye hasira kali" wa kwenye taarifa za habari. Polisi nao wana lao: sheria inataka taarifa ya mkusanyiko wa hadhara saa 48 kabla, na ghafla yenye taarifa ya siku mbili si ghafla tena. Hofu hiyo si ya kwetu peke yetu. Mwaka 2011 jiji la Philadelphia, Marekani, liliwawekea vijana amri ya kutotembea usiku baada ya makundi yaliyoitana kwa simu kupiga watu na kupora.

Mimi nabaki na "flashimobu", kwa sababu kitu kimekuja na mzaha wake na hatuna sababu ya kukibatiza upya. Ila mzaha huo haukudumu. Januari 2009 mamia ya watu walicheza katika stesheni ya Liverpool Street, London, wasafiri wakashangaa, wengine wakajiunga. Lilikuwa tangazo la kampuni ya simu, T-Mobile.

Nilikuwa bado namweleza mama kuhusu lile zulia, mmoja wa wachezaji akarudi. Safari hii amevaa fulana ya kampuni ya simu, mwavuli mkononi, anauliza nani anataka kusajili laini.