Prodyuza wa Malindi, mwite mpiga besi wa hoteli

Vijana wanaotengeneza biti, yaani midundo ya nyimbo, hapa Malindi wanamjua prodyuza Madlib kwa Madvillainy, ile albamu ya 2004 aliyoifanya na rapa MF DOOM. Ukiwatajia Sound Directions, jina jingine alilolitumia, wengi wanakutazama tu. Nami naona hiyo ndiyo kazi yake inayowahusu zaidi, hata kama si nzuri kuliko zote.

Kwa asiyemjua, Madlib ni Otis Jackson Jr., mzaliwa wa Oxnard, California, mwaka 1973. Babake alikuwa mwimbaji wa soul, na Jon Faddis, mpiga tarumbeta wa jazi, ni mjombake. Kwa hivyo muziki wa vyombo aliukuta nyumbani, ingawa sifa alizipata kwa mashine, kwa kukata vipande vya santuri za zamani na kuviunga upya. Mwaka 2001 akatoa albamu ya jazi kwa jina la Yesterdays New Quintet. Bendi ya watu watano. Wanne kati yao hawakuwepo duniani. Wa tano alikuwa yeye. Alipiga vyombo mwenyewe, akawabunia wenzake majina, akayaandika kama kawaida. Ujanja huo unanichekesha mpaka leo, na albamu ina raha yake, lakini ukisikiliza sana unamsikia mtu anayejiuliza na kujijibu.

Ndipo 2005 ikaja The Funky Side of Life, chini ya jina hilo la Sound Directions. Jazi na fanki ya kizamani, safari hii akiwa na wapigaji wa studio, watu wenye mikono yao na ukaidi wao. Sitaipamba: kuna nyimbo humo zimekaa kwa adabu mno, kama wageni wanaoogopa kuchafua zulia. Lakini mlango ulikuwa umefunguliwa. Kufikia 2008 alikuwa ametoa albamu nzima na Ivan Conti, mpiga dramu wa kundi la Azymuth la Brazili. Mtu aliyezoea kuchimba santuri sasa alikuwa akipiga muziki na mmoja wa waliokuwa ndani ya santuri hizo.

Sasa turudi kwetu. Kwa miaka mingi hoteli za ufuoni, Malindi hadi Watamu, zilikuwa na bendi zao. Wale wazee walipiga rumba Mwitaliano akila chakula cha jioni, wakaingiza chakacha akimaliza kahawa, na mgeni akiomba wimbo wa kwao waliudaka palepale, sauti na mapigo. Hiyo ni shule ambayo hulipii karo. Kisha watalii wakapungua, na hoteli nyingi zikagundua kwamba mtu mmoja mwenye kinanda na flashi yake anatosha. Wapigaji wakatawanyika, mwingine yuko dukani, mwingine anaendesha tuktuk. Gitaa liko juu ya kabati.

Niliwahi kukaa katika studio moja ya Maweni, chumba chenye trei za mayai ukutani na feni iliyozimwa kwa sababu maiki inanasa mvumo wake. Mzee mmoja wa besi alikuwa ameitwa kuongeza ladha kwenye biti. "Ami, nipe baa nne tu, zilizobaki nitazikopi," prodyuza akamwambia, yaani vipimo vinne vya mapigo vya kurudiarudia. Mzee alifumba macho akapitiliza. Mzunguko wa pili aliivuta noti moja ikachelewa kidogo, tamu kweli. Wa tatu akaacha tundu pale ulipotarajia mdundo. Wa nne akateremka na mwendo wa chakacha ambao hakuna aliyemwomba, na kijana aliyekuwa mlangoni akaanza kutikisa bega bila kujijua. Prodyuza akachukua baa nne za mwanzo, zilizonyooka, akafuta nyingine zote.

Kwa maoni yangu alifuta wimbo akabaki na mapigo.

Najua jibu lake, maana nimelisikia mara nyingi: pesa iko wapi? Msanii analipia biti moja, hataki habari ya bendi. Ni kweli, na mtu mwenye kodi ya studio simlaumu kwa kuhesabu. Ila sisemi kila biti. Nasema kazi moja ya pembeni, isiyo ya mteja, inayotengenezwa polepole siku ambazo studio haina mtu. Besi, dramu, saksofoni ukiipata. Na pwani hii wapiga saksofoni wapo, bango, ule muziki wa dansi wa hapa pwani, ingekuwa nini bila chombo hicho? Mwache mzee apige dakika sita bila kumkatiza. Ukitaka kukata, kata kesho, naye ajue unakata nini. Na umlipe kwa mchana wake, si kwa baa ulizozitumia.

Kisha kuna suala la jina. Fungua YouTube usome maelezo chini ya nyimbo za hapa: utamkuta msanii, prodyuza, mpiga video, wakati mwingine hata aliyewavisha. Mpiga besi hayumo. PRISK, chama cha haki za waimbaji na wapigaji, ipo nchini kwa ajili ya watu kama hawa, lakini mtu ambaye hakuandikwa popote ataanzia wapi kudai? Karatasi moja inatosha: jina lake kamili, chombo, wimbo, tarehe, sahihi zenu wawili. Iandikeni kabla hajaifunga gitaa, na nakala moja aondoke nayo.