Simu ya Kharkiv na boti za Kibirizi

Mwezi uliopita shemeji yangu alituma klipu kwenye grupu letu la familia. Vifaru vinapita barabarani, muziki wa kishujaa, na sauti ya Kiswahili safi inaeleza kwamba Urusi haikuvamia nchi ya mtu, ilikwenda kuwaokoa ndugu zake. Mjomba akaandika chini yake, "Mwanaume huyo, anawanyoosha." Binamu zangu watatu wakaweka vidole gumba. Ni grupu la watu wa Mwanga, Gungu na Ujiji, kule Kigoma, pamoja na sisi wachache tuliotawanyika. Niliandika jibu nikalifuta, nikaandika tena nikalifuta. Sasa naliandika hapa kwa utulivu, kwa sababu maneno ya ile klipu nimeishi nayo nyumba moja.

Nilikaa miaka minane Voronezh, kusini-magharibi mwa Urusi. Nilikwenda kusoma uuguzi, nikabaki kufanya kazi. Nilipanga chumba kwa mama mmoja mstaafu aliyekuwa mwalimu wa hesabu. Nilimwita Bibi, kwa Kiswahili, naye akazoea akawa anaitika. Yeye alinifundisha kupika borshi, mimi nikampikia wali wa nazi ya kopo. Siku niliyopata homa kali alilala kwenye kiti pembeni ya kitanda changu mpaka alfajiri. Naanza na hili makusudi. Mtu akisikia kwamba Warusi wengi waliunga mkono vita, anawaza watu wenye roho mbaya. Bibi hakuwa na roho mbaya hata chembe.

Televisheni yake ilikaa juu ya friji, jikoni. Saa tatu usiku ilikuwa lazima taarifa ya habari ya Vremya, na wakati huo tulikuwa tunamenya viazi au tunakunywa chai na jamu ya cheri. Tarehe 24 Februari 2022 Putin alitangaza "operesheni maalumu ya kijeshi" nchini Ukraine. Siku hiyohiyo uwanja wa ndege wa Voronezh ulifungwa kwa abiria, pamoja na viwanja vingine vya kusini. Jirani yetu wa ghorofa ya tatu, aliyekuwa na tiketi mkononi, alirudi na begi lake akaja kuketi jikoni kwetu. Juu ya friji mtangazaji alikuwa anasema kila kitu kinakwenda kama kilivyopangwa. Begi liko mlangoni, magurudumu yake yanachuruzika theluji sakafuni, na hakuna aliyeuliza kwa nini nchi isiyo vitani inafunga viwanja vya ndege. Mimi pia sikuuliza.

Bibi ana mdogo wake wa kike Kharkiv, ng'ambo ya mpaka wa Ukraine, mwendo usiofika kilomita 300 kwa mstari ulionyooka. Mwanzoni mwa Machi simu ikaita, Bibi akaiweka spika maana mikono ilikuwa na unga. Mdogo wake alisema wamehamia chini, kwenye kituo cha treni za chini ya ardhi, watoto wanalala juu ya makoti, na mabomu yanapiga usiku kucha. Bibi akamwambia kwa upole kabisa, "Msitoke nje. Hao ni watu wenu wenyewe wanaowapiga. Sisi hatupigi raia." Yule akasema, "Dada, yanatoka upande wenu. Nimeona." Bibi akajibu, "Umeonaje, na wewe uko chini ya ardhi?"

Simu ikakatika. Bibi akachukua kitambaa akaanza kufuta meza, na meza ilikuwa safi.

Ile "umeonaje" imenikaa mpaka leo. Ndugu wa tumbo moja anaeleza bomu lililoangukia mtaa wake, na dada yake anachagua kuamini mtu aliye ndani ya sanduku juu ya friji. Niliwaza muda mrefu lile sanduku lilifanyaje kazi ile, na nadhani jibu haliko kwenye uongo wenyewe peke yake. Liko kwenye kuondoa sauti nyingine zote. Mamlaka ya kusimamia vyombo vya habari, Roskomnadzor, iliagiza vyombo vitumie taarifa za serikali tu, na visiite jambo lile vita wala uvamizi. Redio ya Ekho Moskvy na televisheni ya Dozhd zilinyamaza wiki ya kwanza ya Machi. Tarehe 4 Machi ikapita sheria inayompa mtu hadi miaka 15 jela kwa kusambaza kile serikali itakachokiita habari za uongo kuhusu jeshi. Mwezi wa saba, diwani mmoja wa Moscow, Aleksei Gorinov, alihukumiwa miaka 7 kwa maneno aliyosema kwenye kikao: kwamba haiwezekani kuandaa mashindano ya watoto ya kuchora huku watoto wengine wanakufa Ukraine. Kusema hayo tu.

Tarehe 14 Machi tulikuwa palepale jikoni. Mwanamke akatokea nyuma ya msomaji wa habari na bango: acheni vita, msiamini propaganda, hapa wanawadanganya. Ni sekunde chache tu, kisha wakabadilisha picha. Alikuwa Marina Ovsyannikova, mfanyakazi wa kituo kilekile. Bibi aliacha kisu kwenye kiazi. Akaniuliza, "Umeona?" Nikamwambia nimeona. Akasema, "Atakuwa mgonjwa, maskini." Akaendelea kumenya, lakini lile ganda lilitoka nene na nusu ya kiazi chenyewe.

Sasa turudi kwetu. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, na redio yake ya betri nne ilikuwa haikai stesheni moja. Jioni alianza na Redio Tanzania, akahamia BBC, akarudi Bujumbura kusikia wanasemaje, na hali ya hewa ikiruhusu akanasa Kinshasa. Tukimwuliza kwa nini anahangaika na kile kitasa, alisema kila mwamba ngoma huvutia kwake, basi ngoja nisikie ngozi zote. Watu wa Kigoma wa umri wangu wanaijua hali hii. Ukiishi ukingoni mwa ziwa lenye nchi nne huwezi kumtegemea mtangazaji mmoja.

Mwaka 1996, mwishoni mwa Oktoba na kuendelea, boti zilikuwa zinafika ufukwe wa Kibirizi, pale Kigoma, zimejaa watu wa Uvira na Fizi, mashariki mwa Kongo. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka godoro lililolowa maji likiwa limekunjwa kichwani kwa mtoto wa rika langu. Mama mmoja na wanawe wawili walikaa nyumbani kwetu wiki kadhaa kabla hawajapelekwa kambini. Redio zilikuwa zinasema ni uasi wa Wakongo wenyewe kwa wenyewe, na Rwanda ilikana kuwa na askari wake kule. Yule mama akawa anatikisa kichwa: "Waasi wetu tunawajua. Hawa hatukuwajua." Baba alizima redio akamsikiliza yeye. Julai 1997 Kagame mwenyewe aliliambia gazeti la Washington Post kwamba Rwanda ndiyo iliyopanga na kuongoza vita ile. Mwaka 1998 ikawa vilevile: vita ya pili ilianza Agosti, wakakana, na Novemba wakakubali kwamba majeshi yao yamo. Hata juzi, wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwaka 2024 kwamba kuna wanajeshi wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 mashariki mwa Kongo, na Kigali ikasema ni hatua za kujihami. Kujihami, operesheni maalumu: maneno haya ni ndugu wa baba mmoja.

Hakuna mtu Kigoma aliyemwambia yule mama "umeonaje". Tulimpa uji na mahali pa kulala. Sisemi tulikuwa watu bora kuliko Bibi. Sisi hatukuwa na mtoto wetu kwenye jeshi lile, na shahidi wetu alikuwa amekaa jikoni, nguo zake zimeanikwa kwenye kamba yetu. Shahidi wa Bibi alikuwa kwenye simu, na kumwamini kulimdai akubali kwamba nchi aliyoifundishia watoto hesabu miaka yote inawaua watoto wa mji wa mdogo wake. Ni gharama kubwa hiyo. Wengi wanaona heri kumwita shahidi mgonjwa.

Ndiyo maana ile klipu iliniuma. Kijana wa Voronezh akikaa kimya ana sheria ya miaka 15 juu ya kichwa chake. Shemeji yangu wa Mwanga hana kitu kinachomlazimisha. Kayapokea maneno ya mvamizi bure, yakiwa yameshatafsiriwa, kayasambaza. Na sisi ndio wa kwanza tuliopaswa kuyatambua, maana tulishaambiwa hayohayo. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, na Redio Uganda ikadai Tanzania ndiyo iliyoanza kushambulia. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini mwa mto Kagera sasa ni ya Uganda. Septemba 2022 Putin alisimama Kremlin akatangaza mikoa minne ya Ukraine kuwa ya Urusi. Kuna tofauti gani? Mwalimu Nyerere alihuzunika sana Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipokataa kumlaani Amin, ukataka tu usuluhishi. Na tarehe 2 Machi 2022, nchi 141 zilipopiga kura Umoja wa Mataifa kuutaka uvamizi ukome, Tanzania ilikuwa miongoni mwa 35 zilizojizuia.

Najua atakachojibu shemeji, maana ameshanijibu: mbona Marekani Iraq? Ni kweli, shem. Februari 2003 Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, aliketi Baraza la Usalama akaeleza silaha ambazo hazikupatikana mpaka leo, na vyombo vingi vya habari vya Magharibi vilibeba maneno yale kama yalivyo. Tulikasirika, na tulikuwa na haki. Hasira ile ilikuwa ya kuchukia uvamizi na uongo wake, au ilikuwa ya kumchukia Mmarekani tu? Ninaheshimu pia kumbukumbu ya wazee wetu, kwamba Moscow iliwasomesha Waafrika na chuo chake kikabeba jina la Lumumba. Mimi mwenyewe nimesomeshwa kule na ninawapenda watu wake. Lakini klipu ile haina Mtanzania mwenzetu aliyekwenda Urusi kusoma shahada ya uzamili, akafungwa, akaahidiwa msamaha akipigania Urusi ndani ya kundi la mamluki la Wagner, akauawa Ukraine Oktoba 2022. Januari 2023 serikali yetu ilithibitisha, na mwili ukarudishwa kuzikwa nyumbani.

Wengine kwenye grupu wananitupia takwimu: Warusi wenyewe wameridhia, wewe nani? Ni kweli kituo cha utafiti cha Levada, ambacho serikali ya kule imekibandika jina la wakala wa nje tangu 2016, kilipata mwishoni mwa Machi 2022 kwamba asilimia 81 wanaunga mkono jeshi. Ila mtu usiyemjua anakugongea mlango, anakuuliza kama unaunga mkono jeshi, na wewe unaijua ile sheria. Utamjibuje? Halafu Oktoba mwaka huohuo, baada ya amri ya Septemba ya kuandikisha askari wa akiba 300,000, kituo kilekile kilipata asilimia 57 wanataka mazungumzo ya amani. Ni watu walewale. Vita ilipobisha hodi ndani ya nyumba, swali lilibadilika.

Tangu 2023 niko Leipzig, Ujerumani, nauguza wazee. Hapa kila kaya inalipa euro 18.36 kwa mwezi kwa ajili ya redio na televisheni za umma, na wazee wangu wanazilalamikia kila siku. Mmoja anataka Ukraine ipewe silaha zaidi, wa jirani yake anasema silaha zinarefusha vita, wanagombana wakati wa supu, kisha wanacheza karata. Hakuna anayekuja kuwachukua. Si kwamba huku kumekamilika: Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku RT, kituo cha televisheni cha serikali ya Urusi, Machi 2022, na mimi sikulipenda jambo hilo, ingawa nilikitazama miaka mingi na najua kilichokuwa kinatoka mle. Ningetaka watu wakisikie na wakikatae wenyewe, kama baba na kitasa chake. Na uzito wa kukosa sauti niliuonja upya Oktoba 2025, intaneti ilipozimwa nyumbani siku ya uchaguzi. Grupu letu lenye kelele zote hizi likawa kimya siku kadhaa. Kila uvumi ulionifikia niliuamini nusu, na nikaelewa jinsi mtu anavyoweza kumshika mtangazaji yeyote aliyebaki anaongea.

Bibi nilimuacha mwishoni mwa 2022. Wiki moja baada ya ile amri ya Septemba, mjukuu wake alivuka mpaka kwenda Kazakhstan na begi la mgongoni tu. Usiku ule Vremya ilikuwa inaendelea juu ya friji, lakini bila sauti. Bibi ndiye aliyeizima. Midomo ya mtangazaji inacheza, sisi tunasikia friji inanguruma. Akaniambia mdogo wake hapokei tena akiona namba yake. Akaomba nimpigie mimi, kwa WhatsApp, kwa ile namba yangu ya Tanzania niliyoisajili Kigoma mjini mwaka niliosafiri.

Iliita muda mrefu. Kisha sauti ya mwanamke ikauliza kwa Kirusi, "Nani?" Nikampa Bibi simu. Akaishika kwa mikono miwili, akavuta pumzi, akasema, "Niambie ulichoona."