Anachokiacha David Downton

Fundi wangu wa nguo ana daftari la vipimo lililochakaa. Kila mteja ana ukurasa wake: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, na pembeni kimchoro cha kalamu ya Bic chenye mistari mitano au sita. Hakina uso wala vidole. Lakini ukikitazama tu unajua gauni ni la mabega wazi na marinda yanaanzia chini ya nyonga. Siku hizi wateja wanamletea picha za kwenye simu, na ugomvi wa "siyo hili nililokuonyesha" haujapungua hata kidogo.

Daftari hilo ndilo lililonijia akilini nilipokuwa nikitazama michoro ya David Downton, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1959. Kwangu mimi, katika wachoraji wa mitindo walio hai hakuna anayemfikia. Najua wapo watakaobisha.

Hakuanzia kwenye mitindo. Alisoma Canterbury, kisha Wolverhampton, akahamia Brighton miaka ya 1980 na kwa muda mrefu akawa mchoraji wa kazi yoyote inayolipa. Mwaka 1996 gazeti la Financial Times likamtuma Paris kuchora maonyesho ya mavazi ya kifahari, yale yanayoshonwa kwa mkono kwa vipimo vya mteja mmoja. Umri wake ulikuwa unagonga arobaini. (Wadogo zangu mnaolia kwamba mna miaka 24 na hamjajulikana Instagram, someni hapo mara mbili.)

Anatumia wino, rangi ya maji, guashi (rangi ya maji iliyo nzito, isiyopitisha mwanga), wakati mwingine vipande vya karatasi vilivyokatwa kwa mkasi. Anachora mtu akiwa mbele yake, halafu anarudi mezani na kuuchora mchoro uleule tena na tena, kila mara akipunguza kitu. Ule mstari wa bega unaodhani umepigwa kwa pumzi moja una rundo la karatasi nyuma yake. Tazama alivyomchora Dita Von Teese, mnenguaji wa Kimarekani: nywele nyeusi tii, midomo myekundu, na penye shavu karatasi imebaki nyeupe. Shavu unalimalizia wewe mwenyewe.

Hapo ndipo kamera inapomshindwa. Picha ya simu inakupa kila kitu kwa uzito mmoja: zipu, kivuli, ukuta wa nyuma, pochi ya mtu aliyepita. Mchoraji amekwisha kuchagua. Anakwambia gauni hili habari yake ni kola, mengine yasikusumbue. Jarida la mitindo la Vogue la Australia lilipotimiza miaka 50, mwaka 2009, majalada yake yalikuwa michoro ya Downton ya mwigizaji wa filamu Cate Blanchett, ilhali wapiga picha wa kumpiga mwigizaji yule hawakukosekana.

Mwaka 2007 alianzisha jarida lake, Pourquoi Pas?, na tangu 2011 hoteli ya Claridge's ya London imemfanya mchoraji wake, akiwachora wageni mashuhuri. Na hapo ndipo ninapomlaumu kidogo. Wanawake wake karibu wote ni wembamba, maarufu na watulivu mno. Hakuna anayetoka jasho. Kwenye daftari la fundi wangu kuna nyonga za inchi 48, na marinda yamepangwa yakijua hivyo.

Wiki iliyopita nilimpelekea kitenge yadi tatu. Nikatoa simu nimwonyeshe, kisha nikairudisha mfukoni.

"Nichoree kwanza, fundi."

Akachora. Nikamwambia shingo imepanda mno. Hakufuta, alipiga mstari mwingine chini ya ule wa kwanza, akaniangalia, kisha akavuta kitambaa.