Disney hakuwa wa kwanza

Eti filamu ndefu ya kwanza ya katuni duniani ni Snow White ya Disney, 1937? Hapana. Lotte Reiniger, mzaliwa wa Berlin, alikwisha onyesha yake ya Prinz Achmed mwaka 1926, zaidi ya saa moja, hadithi zake zimetoka Alfu Lela Ulela. Hata yeye alitanguliwa na Quirino Cristiani wa Argentina mwaka 1917, ila ile imepotea. Ya Lotte ndiyo kongwe kuliko zote zilizobaki. Na ameifanya kwa mkasi! Alikata watu wa kadibodi nyeusi na mabati membamba ya madini ya risasi, viungo akavifunga kwa waya, akawalaza juu ya kioo chenye taa chini yake, kamera ikitazama kutoka juu. Sogeza mkono kidogo, piga picha. Sogeza tena, piga nyingine. Mumewe Carl Koch alikuwa kwenye kamera. Miaka 3 hiyo, Potsdam, juu ya gereji ya tajiri wa benki aliyegharimia. Nafundisha sanaa, na tumejaribu darasani kwa karatasi ya manila: mtu akipiga chafya tu, kivuli kinaruka na kazi inaanza upya. Ninalomlaumu Lotte ni moja, mchawi mbaya wa filamu hiyo kapewa asili ya Afrika. Lakini katika kisa cha Aladini pia mchawi anatoka Maghreb, yaani Afrika Kaskazini, sasa lawama tumpe Lotte au waliosimulia kabla yake? Mlioitazama mnasemaje?